Oili ikidondoka chini ya gari la zamani: Jinsi ya kusaka chanzo na kukiziba

MAGARI ya zamani bado yapo katika barabara za Kisii na Nyamira. Kuna Peugeot 504, Land Rover zenye bodi ya aluminiamu, pikapu za Datsun, na Volkswagen zenye injini nyuma. Mengine ni ya kazi, mengine ni urithi wa familia ambao hakuna anayetaka kuuuza. Wenye magari hayo aghalabu huwa na lalamiko moja: kila asubuhi gari likiondolewa mahali lilipolala, huacha doa jeusi chini.

Oili inayovuja si aibu ya uani tu. Huweza kuua injini, kuharibu klachi, kuwasha moto na kuchafua mto. Hata hivyo, hasara inayowaumiza wengi haitokani na oili yenyewe, bali na fedha zinazotumika kutengeneza mahali pasipo na ugonjwa. Injini hushushwa, sili ya nyuma hubadilishwa, kisha baada ya juma moja tone hurudi palepale. Mara nyingi chanzo kilikuwa juu, kwenye gasketi ya kifuniko cha tapeti isiyohitaji zaidi ya saa moja ya kazi.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayotawala kazi hii ni moja: mahali tone linapoangukia si lazima pawe ndipo oili inapotokea. Kusaka hutangulia, kuziba hufuata.

Magari yaliyojijengea jina

Peugeot inafaa kuwa mfano katika makala haya kwa kuwa historia yake nchini Kenya ni ndefu. Gari la Peugeot 404 lilishinda mashindano ya Safari Rally mara nne, mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mashindano ya 1963 na yale ya 1968, ambayo yote yalishindwa na Nick Nowicki, ni magari saba pekee yaliyofika mwisho. Mrithi wake, Peugeot 504, alizinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1968, akateuliwa gari bora la mwaka barani Ulaya mwaka wa 1969, na kushinda Safari mwaka wa 1975 chini ya Ove Andersson. Mwaka wa 1978, Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa 504 ya aina ya kupe yenye injini ya silinda sita.

Magari ya 504 yaliunganishwa pia nchini Kenya, na yale yenye safu tatu za viti yalitumika kwa miaka mingi kubeba abiria katika safari za mbali. Sifa yake kubwa ilikuwa ustahimilivu katika barabara mbaya.

Injini yake ya petroli yenye silinda nne ina tabia moja ambayo fundi sharti aijue: haikusimama wima, bali imelazwa ubavu kwa takriban nyuzi 45. Kwa hivyo, ukingo wa chini wa kifuniko cha tapeti hushinda umelowa oili. Gasketi ya upande huo ikichoka kidogo tu, oili huteremka kwenye ubavu wa injini, ikafuata mkunjo wa chuma hadi nyuma, na kudondokea karibu na klachi. Anayetazama chini pekee ataapa kwamba sili ya nyuma imekwisha.

Hasara ya tone moja

Tone la oili ni kama sehemu moja kati ya 20 ya mililita. Injini inayodondosha tone moja kila sekunde 10 hupoteza matone 360 kwa saa, yaani mililita 18. Katika muda wa saa 56 za mwendo, lita nzima itakuwa imemwagika barabarani. Kwa gari linalofanya kazi saa nne kwa siku, hizo ni siku 14.

Katika injini nyingi za magari madogo, tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kijiti cha kupimia ni takriban lita moja. Maana yake ni kwamba uvujaji unaoonekana mdogo unaweza kuifikisha injini kwenye alama ya hatari katika muda wa majuma mawili iwapo mwenye gari hapimi.

Katika nchi ya vilima kama Gusii, hatari huongezeka. Gari linapopanda mlima, oili yote iliyo kwenye sampu hukimbilia upande mmoja. Ikiwa kiwango kimepungua, mdomo wa pampu huweza kubaki wazi na kuvuta hewa badala ya oili. Taa ya oili humetameta kwenye mwinuko na kuzimika gari likifika tambarare, na dereva hudhani ni hitilafu ya waya. Kumbe beringi za krankishafti zimesagana bila ulainisho kwa nukta kadhaa, na mtindo huo ukirudiwa kila siku, injini hugonga na kukwama. Taa hiyo ikiwaka, injini huzimwa papo hapo na kiwango kupimwa kabla ya safari kuendelea.

Je, ni oili ya injini?

Kabla ya kufungua bolti yoyote, ni vyema kuhakikisha kwamba kinachovuja ni oili ya injini. Kipande cha kadibodi nyeupe huwekwa chini ya gari usiku, na mahali palipo magurudumu ya mbele hutiwa alama kwa kalamu. Asubuhi, rangi, harufu na mahali pa doa hueleza mengi.

Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi na huteleza vidoleni. Oili ya giaboksi na ya difu ni nzito zaidi na nyingi hunuka kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, huwa karibu na rangi ya maji au chai hafifu, na hubambua rangi ya gari. Maji ya radieta yaliyotiwa dawa huwa na rangi ya kijani au nyekundu na hukauka yakiacha ukoko.

Uvujaji wa breki haungoji. Doa likipatikana karibu na gurudumu au chini ya pedali, gari haliendeshwi hadi litengenezwe.

Kuna pia injini zinazopunguza oili bila kuacha doa. Hizo hazivuji bali zinaunguza oili ndani, na dalili yake ni moshi wa samawati kwenye eksozi. Ugonjwa huo ni wa ringi za pistoni au sili za vali, na hakuna gasketi ya nje itakayoutibu.

Kupima mahali tambarare

Kiwango cha oili hupimwa gari likiwa limesimama tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Katika miji iliyojengwa mabondeni na vilimani kama Kisii na Nyamira, mahali pa namna hiyo si rahisi kupatikana. Gari lililoegeshwa likiwa limeinua pua litasoma kiwango kisicho cha kweli, na mwenye gari anaweza kuongeza oili isiyohitajika. Oili ikizidi, krankishafti huichapa ikawa povu, na shinikizo dhidi ya sili huongezeka.

Mteremko huo huo huwapotosha mafundi wanaosaka. Gari likilala limeinua pua, oili iliyovuja mbele husafiri nyuma chini ya sampu kabla ya kudondoka. Inafaa gari litazamwe baada ya kulala tambarare. Pasipopatikana, ligeuzwe uelekeo usiku wa pili na madoa ya siku hizo mbili yalinganishwe. Doa likihama, chanzo hakiko palipo doa.

Kuosha injini

Tope jekundu la Gusii hushikana na oili likafanya gamba gumu kwenye tumbo la injini, hasa msimu wa mvua za masika. Chini ya gamba hilo hakuna anayeweza kuona kitu. Ndiyo maana kuosha si pambo, bali ni nusu ya uchunguzi.

Injini huoshwa ikiwa baridi. Gamba hukwanguliwa kwa kipande cha mti au plastiki, kisha dawa ya kuondoa grisi au mafuta ya taa hupakwa kwa brashi. Petroli haifai hata kidogo, kwa kuwa mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo. Kabureta, distributa, koili na oltaneta hufunikwa vizuri kabla ya maji kumwagwa. Kazi hii ifanyiwe mahali ambapo maji machafu hayataingia mtaroni wala mtoni.

Injini ikikauka, sehemu zinazoshukiwa hunyunyiziwa poda nyeupe, hata ile ya watoto. Gari huendeshwa safari fupi hadi injini ipate joto kamili, kwa mfano kutoka Kisii mjini hadi Suneka, kisha husimamishwa na kutazamwa kwa tochi na kioo kidogo. Oili mpya huchora mstari mweusi kwenye poda.

Mstari huo hufuatwa kuelekea juu na kuelekea mbele. Oili huteremka kwa uzito wake, na upepo wa feni pamoja na mwendo wa gari huisukuma nyuma. Hivyo basi, sehemu iliyolowa ambayo iko juu kuliko zote na mbele kuliko zote ndiyo mshukiwa wa kwanza. Sehemu nyingine zilizolowa huachwa kwanza, hata kama zinatisha zaidi.

Pale ambapo mstari haueleweki, kuna rangi maalumu inayotiwa ndani ya oili na kung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Hiyo hufaa kwa uvujaji mdogo unaojificha nyuma ya injini.

Kwanza injini ipumue

Hatua inayorukwa mara nyingi zaidi ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Kila injini hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni hadi kwenye sampu. Gesi hiyo hutakiwa kutoka kupitia mpira wa kupumulia, ambao katika magari mengi huelekea kwenye kisafisha hewa au kabureta. Mpira huo ukizibwa na masizi, au wavu wake mdogo ukijaa uchafu, gesi hukosa njia na kuanza kusukuma oili nje kupitia kila gasketi na kila sili.

Hii ndiyo sababu sili mpya huvuja baada ya juma moja. Sili haikuwa na kosa. Shinikizo ndilo lililoifungua midomo.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa na joto na inanguruma polepole, kifuniko cha kujazia oili hufunguliwa na kipande cha karatasi kuwekwa juu ya tundu. Karatasi ikitulia au ikivutwa kidogo, injini inapumua vyema. Ikirushwa kwa nguvu, mpira wa kupumulia hutolewa, huoshwa kwa mafuta ya taa, na kipimo hurudiwa. Karatasi ikiendelea kurushwa, basi ringi zimechoka, na kipimo cha mgandamizo wa silinda kitathibitisha. Mwenye gari atakuwa amejua kwamba kubadilisha sili pekee ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Sehemu za juu

Baada ya hapo, ukaguzi huanza kwa sehemu zilizo rahisi kufikiwa.

Kifuniko cha tapeti: Gasketi yake katika magari ya zamani mara nyingi ni ya koki. Koki hukauka, hunywea na kupasuka. Gasketi mpya iliyonywea dukani huweza kulowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa muda ili irudie ukubwa wake, kisha ikaushwe kabla ya kufungwa. Kifuniko cha bati hukaguliwa kandokando ya matundu ya bolti, kwani kukazwa kupita kiasi hukunja bati likaacha mwanya kati ya bolti na bolti. Bati hunyooshwa kwa nyundo juu ya kipande cha chuma tambarare. Bolti hukazwa kidogokidogo kwa zamu. Koki iliyobanwa sana huchanika.

Swichi ya presha ya oili: Kifaa hiki kidogo huvuja kwenye uzi wake au katikati, penye waya. Waya ukitolewa na kupatikana umelowa oili ndani, swichi imekwisha na haina budi kubadilishwa.

Pampu ya petroli na distributa: Pampu ya petroli inayofungwa ubavuni mwa injini ina gasketi yake, na distributa huwa na pete ya mpira shingoni. Kabla ya kuing'oa distributa, mahali ilipoelekea hutiwa alama ili taiming isipotee. Aidha, pampu iliyopasuka kiwambo huingiza petroli ndani ya sampu. Oili ikinuka petroli, injini isiwashwe hadi pampu ibadilishwe na oili yote kumwagwa.

Filta ya oili: Kosa la kawaida ni pete ya mpira ya filta kuukuu kubaki imeganda kwenye injini, na filta mpya kufungwa juu yake. Pete mbili hazishikani, na oili huweza kumwagika yote kwa dakika chache. Filta ya kufunga kwa mkono hupakwa oili kwenye mpira, huzungushwa hadi iguse, kisha hukazwa kwa robo tatu ya mzunguko.

Sehemu za chini

Bolti ya kumwagia oili: Wosha yake ya shaba hubanwa ikawa ngumu. Ikikosekana mpya, hiyo kuukuu huweza kulainishwa kwa kuchomwa motoni hadi iwe nyekundu na kutumbukizwa majini, kazi ambayo kibanda chochote cha jua kali kinaweza kuifanya. Uzi ukiwa umeliwa, dawa si kukaza zaidi wala kufunga bolti kwa kamba, bali kuingiza uzi mpya wa chuma.

Gasketi ya sampu: Bolti zake hukaguliwa kwanza, kwa kuwa huenda zimelegea tu. Ikibidi gasketi ibadilishwe, nyuso zote mbili husafishwa hadi zing'ae na ukingo wa sampu hunyooshwa. Kukaza huanzia katikati kuelekea ncha, kwa kupishana.

Sili ya mbele: Hii iko nyuma ya puli ya krankishafti. Ikivuja, puli hurusha oili kwa mstari wa duara chini ya boneti na kwenye feni. Puli ikitolewa hupitishwa ukucha mahali sili inapogusa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na sili kuukuu, sili mpya pekee haitafaa. Hufungwa ndani kidogo zaidi ili iguse mahali pasipolika, au puli huvishwa ala nyembamba ya chuma. Mdomo wa sili huelekezwa ndani, upande wa oili, na hupakwa oili kabla ya kufungwa. Sili iliyofungwa kavu huungua mara injini inapowashwa.

Sili ya nyuma: Hii ndiyo ya gharama, kwa kuwa giaboksi au injini sharti itolewe. Dalili yake ni oili kudondoka kutoka tundu la chini la nyumba ya klachi huku sehemu zote za juu zikiwa kavu. Katika Land Rover za zamani tundu hilo huweza kufungwa kwa kizibo maalumu wakati wa kuvuka maji. Kizibo hicho kikisahauliwa, oili hujaa ndani na kulowesha klachi. Oili inayotoka hapo hunuswa kwanza, kwa maana sili ya mbele ya giaboksi nayo huvujia humo humo.

Nyumba ya klachi ikishafunguliwa, krankishafti hujaribiwa kama inacheza. Ikiwa beringi zimechoka, shafti hutikisika na kuipanua sili yoyote. Bamba la klachi lililolowa oili hubadilishwa pia. Klachi inayoteleza ni hatari katika barabara ya mlima, ambako dereva huhitaji kuondoa gari kwenye mwinuko bila kurudi nyuma.

Inafaa kukumbuka kwamba si kila tone ni ugonjwa. Baadhi ya injini za Uingereza, kama zile za Morris Minor, hazikuwa na sili ya mpira upande wa nyuma. Zilitegemea mifereji iliyochongwa kwenye shafti ili kurudisha oili ndani. Injini hizo zikiegeshwa, tone moja au mawili ni desturi.

Tahadhari kuhusu hedi

Oili ikitokea katikati ya hedi na bloki, wengi huona ni jambo la kufungua na kubadilisha gasketi. Katika Peugeot 504 kazi hiyo ina mtego. Silinda zake ni mirija inayoweza kung'olewa na ambayo huzungukwa na maji ya radieta. Hedi ikishatolewa, hakuna kinachoishikilia mirija hiyo. Krankishafti ikizungushwa, mrija huweza kuinuka na kuharibu muhuri wake wa chini, na maji yakaingia kwenye sampu.

Kwa hivyo, mirija hubanwa kwa vyuma na bolti mara tu hedi inapotolewa. Baada ya kazi, oili ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na gari lisiendeshwe. Uvujaji mdogo wa nje usiochunguzwa kwa makini huwa umezaa ukarabati wa injini nzima.

Njia za mkato

Silikoni ya kwenye tyubu ina mahali pake, lakini haikuumbwa kuwa dawa ya kila gasketi. Inayopakwa kwa wingi hufinywa pande zote mbili. Ile ya nje huonekana, ile ya ndani hukatika vipande na kwenda kuziba wavu wa pampu ya oili. Utando mwembamba kwenye pembe unatosha.

Karatasi za kasha la sabuni hukatwa na kugeuzwa gasketi katika baadhi ya gereji. Karatasi hizo hunyonya oili na kulainika. Karatasi halisi ya gasketi huuzwa kwa shiti, na fundi anaweza kuikata kwa kuigongagonga taratibu kwa nyundo kwenye kingo za kifaa chenyewe.

Dawa za kumimina ndani ya oili ili kuvimbisha sili husaidia kwa muda pale ambapo mpira umekauka, lakini hazizibi gasketi iliyochanika. Wapo wanaomimina mafuta ya breki kwa lengo hilo. Hayo huuvimbisha mpira na hatimaye kuuozesha, na pia huharibu ulainisho wa oili.

Oili nyepesi za kisasa nazo huweza kufichua uvujaji uliokuwa umetulia. Magari mengi ya petroli ya enzi hiyo hufanya kazi vyema kwa oili ya 20W-50. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Afya, moto na mito

Gari lililoinuliwa kwa jeki haliingiwi chini. Huwekwa juu ya stendi imara na magurudumu huzuiwa kwa mawe au magogo, hasa uwanja ukiwa na mteremko. Gasketi na sili za kamba za magari ya zamani huenda zina asbesto. Hazisuguliwi zikiwa kavu wala kupulizwa kwa hewa, bali hulowanishwa na kukwanguliwa ili vumbi lisivutwe puani. Oili iliyotumika hudhuru ngozi ikigusana nayo mara kwa mara, kwa hivyo glavu na sabuni ni sehemu ya vifaa.

Oili inayodondokea eksozi yenye moto hutoa moshi na harufu kali, na huweza kuwaka. Gari lenye dalili hiyo halifai kuendelea na safari.

Mto Gucha huanzia katika milima ya Kiabonyoru kaunti ya Nyamira, hupitia Kisii na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mto Sondu nao huishia ziwani humo. Oili inayomwagwa kwenye mtaro wa gereji husombwa na mvua hadi kwenye mito ambayo watu huchota maji na kunywesha mifugo. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka wa 2006, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, ziliihesabu oili chafu kuwa taka hatari. Inafaa kuhifadhiwa katika mtungi wenye kifuniko na kukabidhiwa wakusanyaji walio na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Kujua kama umepona

Ukarabati haukamiliki bolti ya mwisho inapokazwa. Baada ya kilomita 500 hivi, bolti za gasketi ya koki hukaguliwa na kukazwa kidogo, kwa kuwa koki hutulia. Kadibodi hurudishwa chini ya gari kwa usiku kadhaa.

Kifaa kinachosaidia zaidi ya vyote ni daftari dogo linalokaa garini. Kila oili inapoongezwa, tarehe, kiasi na kilomita huandikwa. Gari lililokuwa likihitaji lita moja kila kilomita 600 na sasa linafika 2,000 limepata nafuu, hata kama bado kuna unyevu mahali. Lile ambalo hesabu yake haikubadilika bado linavuja au linaunguza, hata kama injini inang'aa. Msaka huanza upya, juu na mbele, kabla ya fedha nyingine kutumika. Usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini sharti kwanza ujue ufa uko wapi.